Mlango Uliofungukia Nje

Nyumba ninayoishi hapa Korogwe haina mlango. Ina pazia la kitenge, basi. Vibaka wa mtaani kwetu Manundu wanajua, majirani wananisema, na mwenye nyumba alikwisha kuniletea mlango mzuri tu, nikamrudishia. Leo nitaeleza sababu. Atakayetaka kunicheka baada ya kusoma, acheke.

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita nimpitishe haraka. Nilisimulia jinsi Operesheni ya serikali ya kuhamishia watu vijiji vipya ilivyotutoa Kwamsisi, nyumba yetu ikaezuliwa huku tunaitazama, tukahamishiwa Kwamdoe, kijiji kipya upande wa baharini ambako hata upepo una chumvi. Nikasimulia masika ya kwanza tuliyoyaona huko. Upepo uliusukuma mlango wa shemeji yangu Isihaka ukaingia nao ndani, bati zikaruka, ukuta ukamwangukia mtoto wao wa pekee. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Niliishia pale mume wangu Mhina, fundi seremala, aliposimama penye kaburi lile dogo akaapa kwamba upepo hautaingia tena ndani ya nyumba ya mtu pale Kwamdoe.

Nilidhani lile kaburi ndilo mwisho wa balaa letu. Kumbe balaa lilikuwa linapumzika tu.

Mhina alikuwa mtu wa kusema na kutenda. Alikwenda Korogwe, akarudi na lori la mbao za mninga na sanduku la bawaba nene za chuma. Ujanani alifanya kazi ya useremala kusini, na huko alikiona kimbunga kwa macho yake. Alirudi na kovu shavuni na woga wa milango myepesi.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa.

"Milango yote itafungukia nje," Mhina akatangaza. "Upepo ukiusukuma, unaubana kwenye fremu. Ukizidi kuusukuma, unazidi kuubana. Na ndani kuna komeo."

Mama mkwe wangu akasimama. Mama mkwe akisimama mkutanoni mwenyekiti hukaa, tena mwenyekiti mwenyewe alikuwa Isihaka, mwanawe wa kwanza.

"Mhina," akasema, "mtu amekuja kwako. Amepiga hodi, amesimama mlangoni anangoja. Wewe unamwambia karibu, halafu unamsukumia ubao usoni. Huo ni mlango wa kumkaribisha mtu au wa kumfukuza?"

"Mama, atasimama kando kidogo."

"Mgeni asimame kando kama mwizi! Kwetu mlango unaofungukia nje ni wa choo. Kwangu usiulete. Nina mlango wangu wa mabua, unanitosha."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Isihaka naye alicheka, akakohoa, akafunga mkutano. Mlango wa mama mkwe ukabaki wa mabua, kwa sababu Mhina aliweza kubishana na upepo lakini hakuweza kubishana na mama yake.

Niseme neno juu ya ndugu hawa wawili. Sura hazikufanana hata kidogo. Isihaka alikuwa mrefu, mtu wa kuchana nywele na kuvaa saa mkononi. Mhina alikuwa mfupi, vumbi la mbao kwenye kope. Lakini sauti ilikuwa moja. Mwaija, mke wa Isihaka, siku moja alimgombeza mtu aliyekuwa nje ya ukuta akidhani ni mumewe, akamtolea yote ya moyoni, alipomaliza akasikia, "Shemeji, nimekusikia. Akirudi nitamwambia." Alikuwa Mhina.

Tulimcheka Mwaija kwa hilo mwezi mzima. Hiyo ilikuwa kabla hajazika.

Jengo la mwisho kutiwa mlango lilikuwa duka la kijiji. Ndilo peke yake lililokuwa na ukuta wa matofali ya saruji, na madirisha yake madogo yalikuwa na nondo. Mhina alilifanyia kazi kuliko nyumba yetu wenyewe. Mimi nilikuwa na zamu ya kuuza pale, kwa hiyo alipofika kwenye komeo aliniita, akanishika kiganja, akakipima kwa kamba.

"Unanipima pete?" nikamtania.

"Ninakupima komeo. Komeo zito mtu mwenye hofu haliwezi. Hili utaliinua kwa mkono mmoja, Rehani akiwa mgongoni."

Rehani ni binti yetu. Wakati ule alikuwa wa kubebwa na kutembea, yaani akitaka anatembea, akichoka analia abebwe.

Mhina akaendelea, misumari mdomoni. "Upepo ukija kweli, wanawake na watoto wote waingie humu. Ukishatia komeo, usilitoe mpaka upepo utulie. Ukifungua, upepo unaingia. Ukishaingia hauna pa kutokea isipokuwa juu. Utatoka na bati, na ukuta utafuata."

"Na mtu akipiga hodi?"

"Usifungue."

"Hata ukiwa wewe?"

Akaitoa ile misumari mdomoni, akaishika mkononi.

"Hata mimi. Nitapiga hodi zangu tatu, nikinyamaziwa nitaondoka, kama mstaarabu yeyote."

Nilicheka. Nikamwambia mimi sijazaliwa wa kumnyamazia mtu hodi, sembuse mume wangu. Hakucheka. Alinitaka niape, nami nikaapa kwa mzaha, mkono juu ya komeo.

Mwaija alikuwa amesimama nyuma yetu na ndoo ya maji. Alisikia kila neno.

Siku yenyewe ilianza kwa utulivu mbaya. Wanaume walikuwa wameondoka alfajiri kwenda Kwamsisi kupokea mbegu za mahindi zilizoletwa na lori la kutoka Mkata. Isihaka aliwaongoza, akiwa na baiskeli yake. Mhina alibaki kwa sababu ya kazi ya mbao.

Sintamei, mwanamke wa Kimasai, alikuja dukani na kibuyu cha maziwa kama kawaida. Yeye na mumewe Koisaba walikuwa na boma lao nje ya kijiji, nasi tulikuwa tukibadilishana nao maziwa na sukari.

"Ng'ombe wamekataa kutoka bomani," akaniambia. "Koisaba amewapiga. Wamekataa."

"Wagonjwa?"

"Wazima. Wanatazama huku tu." Akaonyesha kwa mdomo upande wa Saadani.

Nikatoka kutazama. Mbingu ya upande ule ilikuwa na rangi ya jeraha lililoanza kuoza. Hapo hapo nikasikia Mhina anagonga kile kipande cha reli tulichokifanya kengele ya kijiji.

Tulikimbia. Wanawake na watoto, wazee wachache, kuku mikononi. Mhina alisimama mlangoni akituingiza kwa kutusukuma mabega. Mvua ilikuwa imeanza kuja kwa ubavu, na bati za ofisi ya kijiji zilikuwa zinapiga kelele.

Akachungulia ndani, akatazama nyuso.

"Mama yuko wapi?"

Mama mkwe alikuwa nyumbani kwake, ng'ambo ya mikorosho, nyuma ya mlango wake wa mabua.

"Baba Rehani, usiende," nikamwambia.

"Nikamwache?"

"Mtakufa wote wawili."

"Tia komeo," akasema. Akamshika Rehani kichwani, akaniangalia mimi. "Uliapa."

Akausukuma mlango kutoka nje. Nikatia komeo. Liliingia mahali pake vizuri kabisa, bila hata kukwaruza.

Sitawachosha na maelezo ya upepo. Waliouona wanaujua, na ambao hawakuuona hawatanisadiki. Niseme tu kwamba tulikuwa tunapiga mayowe na hatusikiani. Lakini mlango wa Mhina ulisimama. Upepo ulikuwa unaupiga usoni, nao unakaza tu kwenye fremu kama alivyosema. Nilijisikia fahari, mjinga mimi.

Halafu tukasikia mlango unagongwa.

"Hodi!"

Watu wote wakageuka wakanitazama.

Ilikuwa sauti ya Mhina. Kijiji kizima tulijua mwanamume wa ukoo ule aliyebaki Kwamdoe ni mmoja tu.

Niliruka. Nilimtupia Sintamei mtoto, mkono ukafika kwenye komeo, na hapo hapo nikashikwa kwa nyuma. Alikuwa Mwaija. Alinizungushia mikono kiunoni akanivuta mpaka tukaanguka pamoja juu ya magunia.

"Niache! Mume wangu yuko nje!"

"Alikuapisha mwenyewe! Nilikuwapo!"

"Niache, Mwaija!"

"Watoto wangapi humu ndani?" alinipigia kelele sikioni. "Hesabu! Mimi nilikuwa na mmoja tu na mlango ulifunguka!"

"Hodi!" Sauti ilikuja tena, safari hii chini kidogo, kama mtu amepiga magoti. "Hodi wenyewe! Fungueni!"

Nilimng'ata Mwaija mkono. Nilimng'ata mpaka nikaonja damu, naye hakuniachia. Wanawake wengine wakaja. Nilidhani wanakuja kunisaidia, kumbe wanakuja kumsaidia yeye. Mmoja alinikalia miguu. Nilimwomba Sintamei kwa macho.

Sintamei alikuwa amemkumbatia Rehani. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Kwetu boma likishazibwa kwa miiba, limezibwa," akasema. "Hata mwenye boma akichelewa, analala nje na simba."

Hodi ya tatu ilikuja. Haikuwa kelele tena. Ilikuwa hodi ya mtu aliyesimama mlangoni kwa jirani, anakuja kuomba moto. Kisha kitu kizito kikapiga, mlango ukatetemeka, tukabaki na upepo.

Nilijiambia ameondoka. Kwetu mtu akinyamaziwa hodi ya tatu huondoka, ndivyo tulivyolelewa. Nikajiambia amekwenda kujificha kwenye boma la Koisaba, atarudi ananicheka. Nilijiambia hivyo mara nyingi mpaka maneno yakakosa maana.

Mwaija aliniachia. Mkono wake ulikuwa unatoka damu mahali nilipong'ata. Hakunitazama.

"Nakuchukia," nikamwambia.

"Nichukie."

"Ningekuwa mimi, kwako ningefungua."

"Usingefungua," akasema. "Na mimi nisingekulaumu."

Halafu upepo ukatulia.

Haukupungua kidogo kidogo. Ulikatika. Mtoto mmoja akasema anataka kukojoa, na sote tukashtuka kwa sababu tulimsikia. Jua likaingia kupitia nondo za dirisha.

"Mhina alisema ukitulia tufungue," nikasema. Hakuna aliyenizuia sasa. Nililiinua komeo kwa mkono mmoja.

Nikausukuma mlango. Haukwenda.

Nikausukuma kwa bega. Kuna kitu kilikuwa kimelala kwa nje, chini, kimeubana. Kizito, lakini si kigumu kama ukuta. Kinarudi kidogo ukisukuma, halafu kinakaa.

Nilielewa, na kila mwanamke mle ndani alielewa. Mlango unaofungukia nje. Mama mkwe alikuwa amesema unamsukuma mgeni.

"Pole pole," mtu akasema.

Pole pole ya nini? Tulisukuma wote. Bawaba ya juu ikalia, ikang'oka na misumari yake, mlango ukainama upande. Ikapatikana nafasi ya kupita mkono. Nikapiga magoti nikachungulia.

Niliona mkono. Uso haukuonekana, ulikuwa chini ya bati. Mkono tu, umelala kwenye tope, kiganja juu.

Mkono ulikuwa na saa.

Mhina hakuwahi kuvaa saa maisha yake yote. Alisema inakwaruza mbao.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, sina la kuficha katika habari hii: nilifurahi mpaka nikacheka kwa sauti. Si wake! Si mkono wake! Nikageuka nikiwa nacheka, kuwaambia wenzangu, na wa kwanza kukutana naye macho alikuwa Mwaija.

Alikuwa ameinama nyuma ya bega langu. Alikuwa anaitazama ile saa.

Nikasogea kando achungulie.

Baadaye wanaume walitueleza. Isihaka alipoiona mbingu kule Kwamsisi hakungoja mbegu. Aliwaachia wenzake kazi, akapanda baiskeli, akarudi peke yake kutuangalia. Alifika wakati upepo umeshika. Mahali pa kukimbilia alipajua, kwa kuwa ndiye aliyeitisha mkutano wa milango.

Tuliusukuma tena mlango mpaka nafasi ikatosha, tukamvuta ndani. Bati lilikuwa limemkata mgongoni. Tukamlaza juu ya magunia, yale yale niliyoangushwa, tukamfunika kwa kanga yangu. Mwaija alimfuta tope usoni kwa maji ya kunywa, akamtengeneza kola ya shati. Hakulia. Wanawake walipoanza kulia aliwanyamazisha kwa mkono, kama mtu anayesikiliza jambo.

Alikuwa amenishika nisimfungulie mume wangu, kumbe amemfungia wake. Neno gani litakaa hapo?

"Dada Mwaija," nikaanza.

"Nenda katafute wako," akasema. "Bado hajaletwa."

Nikatoka. Kijiji hakikuwapo. Kulikuwa na milango. Sikilizeni maajabu: nyumba kadhaa zilikuwa zimelala, kuta chini, lakini fremu za Mhina zimesimama peke yake na milango yake imefungwa, hakuna nyumba nyuma yake. Nilianza kukimbia kuelekea mikorosho, huku namwita.

"Baba Rehani! Baba Rehani!"

Nilikuwa sijafika hata kisimani niliposikia Sintamei anapiga ukelele. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono umenyooka. Hakuonyesha Saadani safari hii. Alionyesha upande wa Pangani.

Nikatazama huko. Dhoruba ilikuwa inakuja, nyeusi, kutoka upande ule mwingine.

Hilo Mhina hakuwahi kulisema. Sidhani kama alilijua. Kule kusini labda alikiona kimbunga nusu. Alituambia upepo utatulia, hakutuambia unaweza kwenda na kurudi kama mtu aliyesahau kitu.

Sijui nilirudije dukani. Nakumbuka wanawake wananivuta ndani kwa nguo, na tunapambana kuufunga mlango uliokuwa umening'inia kwenye bawaba moja. Tuliufunga. Nikatia komeo.

Sasa mambo yalikuwa yamegeuka. Upepo ulikuwa unakuja kwa nyuma ya duka, na mlango haukusukumwa tena kwenye fremu. Ulivutwa. Ulikuwa unavutwa kwenda nje, bawaba ya juu haipo, na kilichoushika ni komeo tu. Ubao mmoja wa mninga uliochongwa kwa kipimo cha kiganja changu.

"Komeo likitoka," bibi mmoja akasema, "mlango huo hatuushiki tena."

Kila mtu alikuwa analiona. Juu yetu, pembe ya nyuma, bati moja lilikuwa limeanza kufunguka. Lilikuwa linapanda na kushuka, likipanda tunaona mbingu. Watoto tuliwarundika katikati, tukawafunika kwa magunia matupu.

Nikaanza kuomba. Niliomba ombi ambalo sijawahi kumwambia mtu. Niliomba Mhina asije. Abaki huko aliko, shimoni, chini ya mkorosho, kwa Koisaba, popote, mradi asije kwenye mlango huu.

"Hodi!"

Safari hii haikuwa na shaka.

"Mama Rehani! Mimi! Nimembeba mama!"

Na nyuma ya sauti yake nikaisikia nyingine, nyembamba, ya mwanamke mzee anayelia kwa maumivu. Aliyekataa mlango wa choo alikuwa mlangoni kwetu, mgongoni mwa mwanawe.

Chini ya magunia kichwa kimoja kikachomoza. Rehani. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe adabu ya kuitikia hodi, nikimpa kipande cha muwa kila alipoipatia.

"Karibu, baba," akajibu.

Mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Mwingine akageukia ukuta. Nilisimama. Nilitembea mpaka mlangoni, na hakuna aliyenishika. Wote walinipisha. Walikuwa wamekwisha kunishika mara moja, wakaona kilichotokea, sasa hawakuwa na mikono tena.

Nikaweka kiganja chini ya komeo. Nikasikia mlango unavyolivuta, unavyotaka kuondoka.

"Mama Rehani!" Alikuwa karibu sana. Kilichotutenga kilikuwa unene wa ubao. "Nimeteguka mguu. Siwezi kwenda pengine."

Juu, bati likapanda. Safari hii lilichelewa kushuka.

Mwaija akainuka pale alipokuwa kwa mumewe. Watu wakampisha naye. Nikajikaza, nikangoja anikamate kiuno kama mwanzo. Niseme ukweli wote? Nilitamani anikamate. Nilitamani aniangushe, anikalie, nimng'ate tena, ili kesho niwe na mtu wa kumchukia.

Hakunikamata. Alifika, akakaa chini, mgongo kwenye mlango, chini ya mkono wangu. Mkono wake wenye alama za meno yangu aliuweka mapajani.

"Sikushiki," akasema. Aliongea taratibu, kama tuko jikoni. "Nilikushika, nikidhani ni wako. Alikuwa wangu. Alipiga hodi zake tatu nikamsikia zote."

"Mwaija, nisaidie. Niambie nifanye nini."

"Hodi!" Mhina akapiga ya pili.

Mwaija akayainua macho yake.

"Fungua ukitaka, mwenzangu. Mlango ni wa mumeo. Lakini ukilitoa komeo hilo na watoto hawa wakafa, basi yule pale nilimuua bure."

Nikatazama magunia. Nikatazama kanga yangu iliyomfunika Isihaka. Rehani alikuwa amekaa wima, ananitazama, anangoja baba yake aingie kwa sababu amekwisha kumkaribisha.

Komeo lilikuwa jepesi mkononi. Mhina alilichonga vizuri.

Nje ya ubao nikamsikia anavuta pumzi kupiga hodi ya tatu.